MKIMBIZI KWENYE KAMATI ZA JIJI: KUJITOLEA BILA KURA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Kigali na mjumbe wa kamati ya wakimbizi, mbele ya wajumbe wenzake kutoka kambini, wakimbizi wanaoishi jijini na wafanyakazi wa mashirika. Tumeyachapa kama yalivyosemwa. Tumepunguza salamu tu.)



Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulizungumza tukiwa njiani kurudi nyumbani, mkutano ukiwa umekwisha. Nitajitahidi kulisema mkutano ukiwa bado unaendelea.

Jambo lenyewe ni hili. Mkimbizi anayeishi kambini ana kamati. Iwe nzuri au iwe dhaifu, ipo: mwenyekiti, makamu, katibu, msimamizi wa usalama, wa akina mama, wa vijana, na chini yao wakuu wa mitaa. Tunawachagua wenyewe. Bomba likikauka tunajua mlango wa kugonga, na mwenye mlango akijificha tunajua wapi anakunywa chai. Lakini mwenzetu aliyechukua kibali akaja kupanga chumba Kimironko, Gikondo au Nyamirambo amekuwa mpangaji kama wapangaji wengine. Maji yakikatika hajui amwendee nani. Mwenye nyumba akiarifiwa kwamba nyumba iko kwenye mteremko wa hatari, mpangaji ndiye wa mwisho kusikia, na huenda akasikia siku ya kutoa vyombo nje. Kambini alikuwa na sauti. Ameiacha getini.

Je, anaweza kuipata tena jijini? Mimi nasema anaweza kupata sehemu yake, na njia ni kujitolea kufanya kazi katika kamati na mikutano ile midogo ambayo jiji linaitegemea. Nasema sehemu yake. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeahidi kiti.

Kwanza tujue nyumba tunayotaka kuingia imejengwaje. Jiji la Kigali lina wilaya tatu: Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Wilaya hizo zina mirenge 35, na mirenge hiyo ina utugari 161. Chini ya akagari kuna umudugudu, na chini ya umudugudu kuna isibo, ambayo ni kaya kama 15 hadi 20 zinazofahamiana kwa sura na kwa majina. Juu kabisa kuna Baraza la Jiji, yaani Njyanama. Kwa sheria ya mwaka 2019 baraza hilo ni la watu 11, sita wakichaguliwa, wawili kutoka kila wilaya, na watano wakiteuliwa. Huko sisi hatuingii. Kuchagua na kuchaguliwa ni haki ya raia. Msilie juu ya mlango huo. Tutazame milango ya chini.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, nchi nzima inafanya umuganda. Sheria yake ni ya mwaka 2007 na inawahusu watu wa umri wa miaka 18 hadi 65. Wakimbizi wa jijini wanafyeka, wanazibua mifereji na wanabeba mawe pamoja na majirani zao. Kazi ikiisha, watu wanakaa kwenye nyasi na mkutano unaanza. Hapo ndipo linasemwa jambo la taa ya barabarani, la takataka, la kijana anayevuta bangi nyuma ya duka, la mtoto asiyekwenda shule. Na hapo ndipo, nasema kwa masikitiko, wengi wetu tunachukua majembe yetu na kuondoka. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelipokea, tena tunalitumia vizuri. Tunachokataa kupokea ni neno, na neno linagawiwa mahali palepale, nusu saa baadaye.

Kuna sababu mpya ya kukaa mkutanoni. Zamani mkimbizi alikuwa na zahanati yake, shule yake na bomba lake, vyote vya HCR. Akiwa na malalamiko anakwenda HCR. Lakini mwaka 2019 wakimbizi wa jijini waliingizwa katika bima ya afya ya jamii, yaani mutuelle. Tangu hapo mkimbizi anapanga foleni kwenye kituo cha afya kilekile anachotumia jirani yake Mnyarwanda. Dawa zikikosekana, zimekosekana kwa wote wawili. Watoto wetu nao wanasoma katika shule za serikali. Kwa hiyo kamati ya wazazi ya shule ile ni kamati yake, na mkutano wa usafi wa kituo cha afya ni mkutano wake. Huduma zimekwisha hama kutoka kwa mhisani kwenda kwa jiji. Sisi bado tunapeleka malalamiko kwa anwani ya zamani.

Wapo watakaouliza: je, sheria inaruhusu? Mkimbizi akikaa kwenye kamati si ataambiwa anafanya siasa? Swali ni zuri na halitaki jibu la haraka. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1980, unasema katika kifungu cha 2 kwamba mkimbizi ana wajibu kwa nchi iliyompokea, hasa wa kutii sheria zake. Kifungu cha 15 kinampa haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyotafuta faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza katika kifungu cha 3 mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Ukisoma maandiko hayo kwa pamoja, mpaka unaonekana. Kusema kwamba mfereji umeziba si uchochezi. Kutumia mkutano wa mfereji kupanga mambo ya nchi tuliyoikimbia ni uchochezi, na anayefanya hivyo anatuharibia wote. Atakayejitolea alijue hilo kabla hajainua mkono.

Sasa nataka nizungumze kidogo habari za Gihembe, kwa kuwa baadhi yenu mlioko hapa mlilelewa kule.

Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 huko Byumba, kuwapokea waliosalimika baada ya mashambulizi ya Mudende. Ilijengwa juu ya mlima. Mvua ikinyesha juu ya mashitingi na mabati ya maelfu ya nyumba zilizobanana, maji hayana mahali pa kuingia ardhini. Yanatafuta njia ya kushuka. Mwanzo ni kijito ambacho mtoto anakiruka. Mwaka unaofuata ni mtaro. Miaka kumi baadaye ni korongo linalomeza choo, halafu jiko, halafu nyumba. Udongo ule haukupotea hewani, ulishuka kwenye mashamba ya majirani chini ya mlima. Mwaka 2021 ilibidi kambi ifungwe na watu wahamishiwe Mahama, wilaya ya Kirehe, kambi ambayo ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu Warundi. Watu walioishi mahali pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini walipakiwa kwenye mabasi kwa sababu ya maji ya mvua.

Sitaki kusema kwamba kamati moja ingezuia korongo. Mlima ulikuwa mkali na watu walikuwa wengi. Lakini fikirini: maji yale yalianzia kwetu na kuishia kwa jirani. Sisi tulilizungumza korongo katika mikutano yetu ya kambi. Wakulima wa chini walilizungumza katika mikutano yao. Korongo halikujua kuna mikutano miwili, liliendelea kula. Mwanakamati wa kambi anayekaa kwenye mkutano wa akagari pamoja na mwenye shamba anajifunza jambo hilo mapema, wakati bado linatengenezwa kwa majembe na mawe. Likichelewa linahitaji fedha za Benki ya Dunia. Na kweli fedha zilihitajika. Mradi wa Jya Mbere, ulioidhinishwa mwaka 2019 kwa dola milioni 60 kwa ajili ya wilaya zenye kambi, umejumuisha kurekebisha ardhi iliyoharibika namna hiyo. Wote mnakumbuka pia Mei 2023, mvua ya usiku mmoja ilipoua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Karongi, wilaya ya Kiziba, ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa. Kigali nayo ni mji wa milima na mabonde. Mpangaji maskini hupata chumba rahisi mahali gani? Kwenye mteremko au bondeni. Jibu la swali hilo linatosha kumtoa mtu kitandani Jumamosi.

Ndugu zangu, nakuja kwenye pingamizi kubwa, nalo halitoki kwa serikali wala kwa mashirika. Linatoka kwetu. Tunasema: “Mimi naondoka.” Mmoja anaondoka kurudi nyumbani amani ikipatikana. Mwingine anaondoka kwenda Marekani, amekwisha hojiwa mara mbili, amekwisha pimwa kifua. Mtu anayeondoka hapandi mti wala haingii kamati.

Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka huo leo ni mzazi. Ameishi maisha yake yote akiwa anaondoka. Na Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, hata waliokuwa na tarehe ya ndege wakabaki na mabegi yao. Kuna familia zilizokuwa zimeuza godoro. Sisemi haya kumcheka mtu, msiba ule ulizigusa nyumba nyingi. Nasema tu kwamba kungojea si anwani. Aliyeko Kigali leo anaishi Kigali leo, na mtaro wa mbele ya mlango wake ni wa Kigali.

Tena wale walioondoka wanafanya nini huko walikokwenda? Hilo nalo tuliangalie, maana tunadhani walikwenda kupumzika. Miji mingi ya Marekani ina kamati za ushauri: ya nyumba, ya maktaba, ya bustani na viwanja, ya mabasi, ya walemavu, hata ya kusikiliza malalamiko juu ya polisi. Mkazi anajaza fomu, anaeleza kwa nini anataka kutumikia, na meya au baraza la mji linamteua kwa kipindi cha miaka michache. Mkutano ni jioni baada ya kazi, aghalabu mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida hapati mshahara. Kamati inatoa ushauri, baraza linaamua. Kila mji una kanuni zake kuhusu nani anastahili. San Francisco, kwa mfano, ilikuwa inadai uraia, na Novemba 2020 wapiga kura wake waliondoa sharti hilo, hata mkazi asiye raia akaruhusiwa kukaa kwenye tume za jiji. Huko Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine ambako Wasomali wengi walihamia, binti mmoja aliyefika Marekani akiwa mtoto mkimbizi, Safiya Khalid, alichaguliwa mwaka 2019 kuwa diwani. Huyo alikwisha kuwa raia na akapigiwa kura, kwa hiyo mfano wake si wetu moja kwa moja. Namtaja ili vijana wajue kwamba udiwani una ngazi, na ngazi ya chini ni mkutano wenye watu wachache na viti vya plastiki.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jirani zetu wa Uganda wamepanga wakimbizi katika kamati za ustawi za ngazi tatu, kwa mfano wa mabaraza yao ya mitaa ya LC, kiasi kwamba mwenyekiti wa wakimbizi na mwenyekiti wa wenyeji wana mtu wa ngazi sawa wa kukaa naye. Mwaka 2018 liliundwa jukwaa la wakimbizi la taifa, na wajumbe wake wawili wakapewa nafasi katika kikao cha uongozi wa mpango wa wakimbizi, pamoja na mawaziri na wafadhili. Wawili kati ya watu wengi ni wachache. Lakini wawili wenye karatasi waliyotumwa na wenzao si sawa na sifuri. Kenya nayo ilizindua Machi 2025 mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Kakuma na Dadaab ziwe makazi yanayohudumiwa pamoja na wenyeji. Kambi hizo ni za mwaka 1992 na 1991. Upepo unavuma upande mmoja katika eneo letu lote: huduma za wakimbizi zinaingia katika serikali za mitaa. Atakayebaki nje ya mikutano ya mitaa atabaki nje ya huduma.

Baada ya kusifu, lazima nionye. Ningekuwa mwongo nikiwaacha na sifa tupu, tena ninaongea Kigali.

Historia ya kamati za wakimbizi katika eneo hili ina ukurasa mchafu. Katika kambi za Goma kuanzia Julai 1994, Mugunga, Kibumba, Katale, mashirika yalikuta watu mamia ya maelfu na kipindupindu, yakatafuta viongozi wa kugawa chakula. Waliojitokeza haraka, wenye orodha zilizopangwa vizuri na Kifaransa safi, walikuwa wengi wao walewale waliopanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Idadi ya watu ikaongezwa kwenye orodha, chakula kikawa silaha, na mwananchi wa kawaida akawa mateka wa kamati yake mwenyewe. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kwenye kambi hizo badala ya kuendelea kulisha utawala ule. Kwa hiyo mfanyakazi wa shirika anaponiambia, “Tuletee haraka watu watano wanaojua Kifaransa au Kiingereza,” mimi husita. Kujua lugha ya mhisani si sifa ya kuaminiwa na jirani. Mtu achaguliwe na isibo yake, mbele ya wanaojua kama analipa madeni yake.

Lugha nina neno moja zaidi. Mikutano ya mitaa ni ya Kinyarwanda, na wengi wetu Wakongomani wa kambini tunakisema, na Mrundi anakisikia. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na ukienda Biryogo hutahitaji kumwambia mtu. Kwa hiyo mama aliyetoka Uvira au Bukavu asiyejua Kinyarwanda vizuri asikae kimya kwa aibu. Aseme kwa Kiswahili, mkalimani wa bure amekaa pembeni yake.

Hatari ya pili ni kiti cha picha. Mnakijua. Ofisi fulani inaita mkutano wa kupokea maoni, mkimbizi mmoja anaalikwa, anapewa kofia na chupa ya maji, anapigwa picha, na maamuzi yalikwisha chapwa juzi. Anarudi mtaani watu wanamwuliza: “Umetusemea nini?” Hana la kujibu, ila wao wameona kofia. Kuanzia siku hiyo wanamwita mtu wa mashirika. Mkimbizi anayejitolea anapoteza kitu kikubwa kuliko nauli. Anaweza kupoteza jina lake.

Tuliona uzito huo mwezi wa Mei 2021, msaada wa chakula kambini ulipoanza kutolewa kwa makundi: kaya zenye shida kubwa zinapata kamili, zenye shida ya kadiri zinapata pungufu, na zilizohesabiwa kuwa na uwezo hazipati. Sababu ya mashirika ilikuwa fedha kupungua. Lakini wanakamati ndio waliosimama mlangoni kwa watu na kueleza kwa nini kaya fulani iko kundi la tatu. Mkuu wa mtaa hakuandika orodha ile, ila yeye ndiye aliyekuwa karibu kutukanwa. Kama mtu anatakiwa kueleza uamuzi, basi aitwe wakati uamuzi unapikwa, asiletewe sufuria likiwa limekwisha funikwa.

Sasa nani ajitolee? Tusidanganyane kuhusu gharama. Kambini tumezoea motisha. Anayefanya kazi na shirika, hata akiitwa wa kujitolea, anapata posho ndogo ya mwisho wa mwezi. Kwenye kamati za mitaa hakuna posho. Rwanda yenyewe imejengwa hivyo: abunzi wanaopatanisha watu kwenye utugari hawalipwi mshahara, wajumbe wa afya wa vijijini hawalipwi mshahara, na wanaheshimiwa pengine kuliko wanaolipwa. Lakini mwenyeji ana shamba au duka la kumngoja. Fundi wetu wa kujenga akipoteza siku moja, watoto wanalala na uji. Kwa hiyo tusimpeleke mtu mmoja kila mara. Wachaguliwe wawili wawili, wapokezane, na anayekwenda achangiwe nauli na mtaa wake. Nasema na mtaa wake, hata kama ni faranga kidogo kidogo. Mjumbe aliyelipiwa nauli na majirani hurudi kwa majirani kutoa habari. Aliyelipiwa na shirika hurudi kwa shirika.

Na wawe wanawake. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 iliweka angalau asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya maamuzi, nasi tusije na kamati ya wanaume watano na mama mmoja wa kupika. Mama ndiye anayechota maji, anayepeleka mtoto kupata chanjo, anayejua saa ambayo muuguzi anafika kweli na saa iliyoandikwa mlangoni. Katika kamati ya afya, baba mwenye cheti anaweza kuwa na maneno mengi. Mama huyo ana habari.

Vijana nao wasisubiri kuitwa vijana wa kesho. Katika mikutano mingi kinachokosekana ni mtu wa kuandika kumbukumbu kwa hati inayosomeka. Kijana aliyemaliza sekondari akijitolea kuwa katibu, kwa miezi sita atakuwa anajua mambo ya umudugudu kuliko mwenyekiti. Hapo hatahitaji kuomba kusikilizwa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina maombi matatu, na nitayasema bila kuzungusha. Mnapozungumza na wilaya na jiji juu ya wakimbizi, ombeni kwamba mwaliko wa mikutano ya mitaa uwafikie wapangaji na usiishie kwa wenye nyumba. Hilo halihitaji bajeti. Pili, mkituomba maoni, turudishieni jibu, hata likiwa ni hapana. Hapana iliyoandikwa tunaweza kuipeleka mtaani, kimya hatuwezi kukipeleka. Tatu, msianzishe kamati mpya kwa kila mradi. Kuna mtaa mmoja ambao mtu yuleyule ni mwenyekiti wa kamati ya maji, ya usafi, ya ulinzi wa mtoto na ya malalamiko, na mradi ukiisha kamati inakufa pamoja na kibao chake. Itieni nguvu kamati ya umudugudu iliyopo, sisi tuingie humo.

Kwa wajumbe wa kambi: mkimbizi anapoomba kibali cha kuja kuishi jijini, msimwage kwa sala peke yake. Mwandikieni jina la mwenzetu aliyetangulia katika umurenge anaokwenda, ili wiki ya kwanza aonyeshwe isibo yake na kiongozi wake. Katibu wetu atakuwa na daftari hapo mlangoni tukitoka. Anayeishi Kigali aandike umurenge, akagari na umudugudu wake, na kama yuko tayari kukaa mkutanoni baada ya umuganda wa mwezi huu. Asiyejua jina la akagari kake aandike jina la duka lililo karibu, tutamtafutia.